Sauti Inapofika Baada ya Midomo

Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita usiku.

Nyuma ya kanisa ninalosali, chini ya meza ya vitabu vya nyimbo, liko sanduku la plastiki lenye vipokezi kumi. Kila kimoja kinaenea kiganjani. Kina uzi wa kuning'iniza shingoni, na asiyetaka uzi huchukua visikilizio vya kuweka masikioni. Vilinunuliwa kwa michango ya waumini, nami nilikuwa mmoja wa waliochanga, ili sisi tusiosikia vizuri tuyapate mahubiri moja kwa moja kutoka kwenye kipaza sauti cha mchungaji. Jumapili ya kwanza vilichukuliwa vyote kumi. Jumapili ya nne vilichukuliwa vinne. Miezi mitatu baadaye vilikuwa vikichukuliwa viwili, na kimojawapo alikuwa nacho mtoto, anakichezea.

Kwenye kikao cha wazee wa kanisa mhasibu wetu alisema neno ambalo ndilo lililonileta hapa leo. Alisema: "Tumewanunulia vifaa kwa fedha nyingi, wenyewe hawavitaki. Basi wasilalamike tena." Hakusema kwa ubaya. Ni mtu mwema, na kila shilingi ya kanisa inamuuma kama yake. Lakini neno lile lilinikaa rohoni, maana mimi nilikuwa mmoja wa waliorudisha kipokezi sandukuni, na nilikuwa bado sijajua kwa nini.

Mimi navaa shimesikio, yaani kile kifaa kidogo kinachokaa nyuma ya sikio, mwaka wa tisa sasa. Watu wengi hudhani asiyesikia vizuri husikia kila kitu kwa sauti ndogo, kama redio iliyopunguzwa. Si hivyo. Masikio yangu yanazipata irabu barabara. Zinazonitoroka ni zile sauti nyembamba: t, k, s, f. Ukiniambia "taa" nami sikutazami, sijui kama umesema taa, kaa au paa. Nikikutazama, midomo ikifungana najua ni paa. Kwa upande mwingine, midomo peke yake nayo ni shahidi asiyetosha. Simama mbele ya kioo useme baba, halafu mama, halafu papa. Midomo inafanya kitu kile kile mara tatu. Hapo sikio ndilo linaloamua, kwa kuwa mlio wa m hupitia puani, na huo hata mimi naupata.

Kwa hiyo mtu kama mimi husikiliza kwa mashahidi wawili, jicho na sikio, kila mmoja akijazia pale mwenziwe alipokosa. Hata wenye masikio mazima hufanya hivyo penye kelele. Mwaka 1954 watafiti wawili wa Marekani, Sumby na Pollack, walilipima jambo hili wakaonyesha kwamba kadiri kelele inavyozidi, ndivyo kuuona uso wa msemaji kunavyomfaa zaidi msikilizaji. Lakini mashahidi hao sharti waseme juu ya jambo moja, kwa wakati mmoja.

Jumapili ile ya kwanza nilikaa safu ya mbele kabisa, ndiko tunakopangiwa kwa heshima ili tuone vizuri. Sauti ilikuwa safi ajabu. Hakuna feni, hakuna watoto, hakuna kikohozi. Kwa dakika mbili hivi nilifurahi. Kisha nikaanza kuhangaika bila kujua kulikoni. Mchungaji alifunga mdomo, sauti ikaendelea. Akafungua mdomo, kimya. Nilipoona midomo inafungana kwa m, sikioni nilikuwa bado napokea irabu ya neno lililopita. Na juu ya hayo, sauti yake halisi, ile ya hewani, ilinifikia pia, kwa sababu masikio yangu hayajafa. Kila neno nikawa nalipata mara mbili, la kwanza hafifu, la pili kubwa, kama mtu anayeitika kutoka kisimani. Nikafumba macho, ikawa nafuu kidogo. Hebu fikirini, mtu asiyesikia vizuri analazimika kufumba macho ndipo asikie! Baada ya nusu saa kichwa kiliniuma, nikakivua. Nilidhani kasoro ni yangu. Nikasema ni uzee.

Aliyenizindua ni mwalimu mmoja mstaafu, mama aliyefundisha watoto wa watu kusoma kwa zaidi ya miaka 30. Zamu yake ya kusoma somo ilipofika alipanda mbele akiwa amesahau kuvua kipokezi. Mstari wa kwanza aliusoma vema. Wa pili akaanza kuburuta maneno. Wa tatu alirudia silabi, akasimama, akarudi nyuma, akaanza upya, kama mtoto wa darasa la kwanza. Vijana wa kwaya wakatazamana. Alimaliza jasho likimtoka, akashuka, na tangu siku ile hakukubali tena kupangiwa zamu. Baada ya ibada nilimfuata nikamwamkia. Aliitika, akanivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya chini: "Mdogo wangu, nadhani kiharusi kinaninyemelea."

Hakikuwa kiharusi. Mwalimu alikuwa anaisikia sauti yake mwenyewe ikimrudia masikioni kwa kuchelewa. Mwaka 1950 Mmarekani aitwaye Bernard Lee aliandika juu ya jambo hili hili. Mtu mzima mwenye ulimi mwepesi, akirudishiwa sauti yake baada ya muda mfupi tu, huanza kuburuta maneno, kurudia silabi na kugugumia. Waliochunguza baada yake waliona kwamba kuchelewa kwa karibu moja ya tano ya sekunde ndiko kunakovuruga zaidi. Mwalimu wetu alikuwa hapo hapo, kama mtakavyosikia.

Sisi wakazi wa mjini hatuhitaji kufundishwa maana ya sauti kuchelewa. Tangu mitambo ya zamani ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam mwisho wa mwaka 2012, kila nyumba hupata mpira kwa njia yake: huyu ana king'amuzi cha antena, yule ana dishi, kijana kibarazani anatazama kwenye simu. Siku ya Simba na Yanga nyumba ya pili wanashangilia bao, wewe kwenye televisheni yako mpira bado uko katikati ya uwanja. Mechi ni moja, ila kila mtu anaipata kwa saa yake.

Mawimbi ya redio yenyewe hayana kosa. Yanakwenda kilometa 300,000 kwa sekunde, na kanisa letu halina hata mita 30. Kinachochelewesha ni kazi inayofanyika kabla na baada ya safari. Mitambo ya kidijitali haipeleki sauti kama maji mferejini. Huikata vipande, na kila kipande hujazwa kwanza ndipo kiondoke, kama daladala kituoni. Kikisha kujaa hubanwa kipate kupita kwenye njia nyembamba, kikifika upande wa pili hufunguliwa. Kisha kipokezi nacho hakikitoi mara moja, bali huweka akiba, kama tunavyoweka matangi juu ya nyumba kwa sababu maji ya bomba huja na kukatika. Akiba ikiwa kubwa, sauti haikatiki, lakini kila unachosikia ni cha zamani kidogo. Akiba ikiwa ndogo, unapata cha sasa hivi, ila njia ikisongamana sauti inakatika. Mtengenezaji huchagua mwenyewe, na wengi huchagua akiba kubwa, kwa sababu mteja akisikia sauti inakatika hukirudisha kifaa dukani siku ile ile. Ikichelewa, hajui alalamikie nini.

Siku ya Jumatano, kanisa likiwa tupu, nilimwendea kijana anayeshughulikia mitambo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu. Nina neno na vipokezi vyako."

Alijitetea, na ana haki, maana kazi ile anaifanya bila malipo. "Lakini mzee, mimi nilivijaribu vyote kumi. Sauti yake ni kama ya studio."

Nikamwuliza: "Ulivijaribu umekaa wapi?"

"Pale nyuma, kwenye miksa."

"Ukimtazama nani?"

Akanyamaza. Alikuwa amevaa visikilizio vikubwa vinavyoziba masikio, macho yake yako kwenye taa za miksa. Sauti ya hewani hakuisikia, midomo ya mtu hakuitazama. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tukapima. Spika tulizizima. Tuliweka simu yake ya mkononi ikirekodi, mita 3 kutoka kwenye kipaza sauti, nami nikashika kisikilizio cha kipokezi karibu na simu hiyo. Yeye akapiga kofi moja mbele ya kipaza sauti. Tulipolitazama lile rekodi kwenye kioo cha simu, kofi moja lilikuwa vilima viwili. Mafundi huhesabu kwa milisekunde, yaani sekunde moja ukiigawa mara elfu. Kati ya kilima na kilima zilikuwa milisekunde 171. Ongeza 9 ambazo kofi lilitumia kusafiri hewani hizo mita 3, inakuwa 180.

Mtu atasema, je, hiyo si chini ya robo ya sekunde? Ni kweli. Lakini Mswahili akizungumza kwa mwendo wa kawaida hutoa silabi tano au sita kwa sekunde. Milisekunde 180 ni silabi nzima. Mchungaji akisema "Yesu", midomo yake iko kwenye su, mimi ndiyo kwanza naletewa Ye. Au tuhesabu kwa mita. Sauti hewani huenda kama mita 343 kwa sekunde. Kwa kipokezi kile nilikuwa nasikia kama mtu aliyesimama mita 62 kutoka kwa msemaji, zaidi ya nusu ya urefu wa uwanja wa mpira, na huku namwona kama niko umbali wa kumshika joho.

Sasa kuchelewa kiasi gani kunavumilika? Mjerumani Helmut Haas alilichunguza hilo mwaka 1949 huko Göttingen. Aliona kwamba maneno yakifika sikioni mara mbili, na ya pili yakawa yamechelewa kwa milisekunde 30 hivi au chini ya hapo, sikio huyaunganisha yakawa kitu kimoja. Yakichelewa zaidi, kuelekea 50 na kupita, huanza kutengana na kusikika kama mwangwi. Stone na Moore wa Cambridge, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1999 juu ya kuchelewa ndani ya shimesikio lenyewe, waliona usumbufu ukianza kwenye milisekunde kama 20 hadi 30.

Iko hesabu nyingine, nayo muuzaji mmoja aliwahi kunitajia kwa fahari. Mwaka 1998 shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilitoa pendekezo juu ya sauti na picha za televisheni, likasema mtazamaji huanza kutambua kwamba sauti iko nyuma ya picha inapochelewa kwa kama milisekunde 125. "Basi mzee," akaniambia, "vifaa vyetu vikiwa na 100, hamtajua kitu." Lakini mtazamaji wa televisheni hasikii sauti ya mtangazaji ikimjia na dirishani pia. Yeye ana sauti moja na picha moja. Sisi tuna sauti mbili na uso wa mtu, na masikio yaliyokwisha kudhoofika ndiyo tunayoyatuma kupatanisha yote matatu. Hesabu ya mtazamaji wa televisheni haituhusu.

Wako wasiosumbuliwa, na ni haki niwataje. Mtu aliyeketi chumba kingine na kusikiliza kwa spika hana tatizo, wala asiyesikia kabisa sauti ya hewani na asiyetegemea midomo. Aliyeambiwa azime maikrofoni za shimesikio lake, abaki na sauti ya kipokezi tu, anaondokana na mwangwi, ingawa hapo hamsikii tena jirani yake akimnong'oneza ukurasa wa wimbo, wala hajisikii mwenyewe akiimba. Mimi nilijaribu Jumapili moja. Nilikuwa kanisani peke yangu katikati ya watu mia nne.

Kijana wetu si mvivu. Alifuatilia nyaya akagundua kwamba sauti ya vipokezi alikuwa anaitoa kwenye kompyuta inayorusha ibada mtandaoni, ambayo nayo ina akiba yake. Akavuta waya mpya moja kwa moja kutoka kwenye miksa. Halafu akapunguza akiba ya mtambo wa kurushia. Tukapiga kofi tena, zikatoka 60. Siku hizi sauti hukatika mara moja mbili katika ibada, hasa watu wanapowasha simu zao wote pamoja, lakini hakuna aliyelalamika kwa hilo.

Sitini ni nafuu kubwa, na imetufundisha jambo lililonishangaza. Kanisa letu lina spika mbele tu. Aliyeketi mita 17 nyuma, sauti ya hewani humfikia baada ya milisekunde 50, kwa hiyo kipokezi kinaachana nayo kwa 10 tu, naye husikia neno moja zima. Aliyeketi mita 3, sauti ya hewani imemfikia baada ya 9, kipokezi kinakuja 51 baadaye, naye anasikia mwangwi. Maana yake safu ya mbele tuliyotengewa kwa heshima ndiyo mbaya kuliko zote kwa mwenye kipokezi. Lakini mita 17 siioni midomo. Mimi nimehamia safu ya sita, kama mita 8, ambako nusu naona na nusu naungana. Mzee mmoja wa itifaki bado ananifuata kila Jumapili kunirudisha mbele, na kila Jumapili namweleza upya.

Isidhaniwe kwamba tatizo hili halina dawa. Dawa nyingine ni kongwe kuliko wengi wetu. Mwaka 1937 Joseph Poliakoff, mhandisi mzaliwa wa Urusi aliyekuwa akiishi Uingereza, alipata hataza ya njia ya kuzungusha waya ukumbini na kupitisha humo umeme wenye sauti. Waya huo huzaa usumaku, na koili ndogo iliyomo ndani ya shimesikio huunasa na kuugeuza kuwa sauti tena. Hakuna kukata vipande, hakuna akiba, na kuchelewa kwake sikio haliwezi kukutambua. Vivyo hivyo redio za zamani za FM za kusikilizia ukumbini. Kasoro zipo: waya ule hunasa muungurumo wa nyaya za umeme, nondo za sakafuni huudhoofisha, na shimesikio nyingi ndogo za siku hizi hazina koili. Lakini nimesikia ukumbi mmoja uling'oa waya wake mzima, uliokuwa ukifanya kazi, ukaweka mtambo wa waifai wa kusikilizia kwa simu, na ukapongezwa kwa kwenda na wakati.

Vipya navyo vinaboreka. Mwaka 2022 wenye kusimamia Bluetooth walitangaza Auracast, ambayo hurusha sauti ya ukumbi kwa watu wengi kwa pamoja, na shimesikio lenye uwezo huo huipokea lenyewe bila kipokezi cha pembeni. Kuchelewa kwake ni kudogo kuliko Bluetooth ya zamani, ambayo mara nyingi hupita milisekunde 100. Mimi nitaifurahia ikifika. Ila bado ni ya vipande na akiba, na akiba hiyo hupangwa na mtu. Ikipangwa na mtu aliyeziba masikio na kutazama taa za miksa, tutarudi pale pale.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2021, lilikadiria kwamba watu zaidi ya milioni 430 wana upungufu wa kusikia unaohitaji huduma, na wengi wao wako nchi kama zetu. Vifaa vitakuja, vya msaada na vya kununua. Kwenye boksi la vyetu imeandikwa betri inakaa saa ngapi, mawimbi yanafika mita ngapi, na rangi zipo tatu. Toka kwenye kipaza sauti hadi sikioni ni milisekunde ngapi, hakuna. Mwenye kununua amwulize muuzaji hilo kabla ya kutoa fedha, apige kofi, na awaite watakaovivaa wakae mbele, macho yao kwa msemaji.

Juma lililofuata niliomba dakika kumi kwenye kikao cha wazee. Nilikuwa nimemwomba kijana arudishe mpangilio wa zamani kwa muda. Sikutoa hotuba. Nilimwomba mhasibu avae kipokezi, asimame kwenye kipaza sauti, atusomee taarifa ya mapato ya mwezi, hesabu anazozijua kuliko jina lake. Sadaka ya juma la kwanza aliisoma. Ya juma la pili aliivuta kama mtu anayepanda ngazi gizani. Ya juma la tatu alisema laki, akasema laki tena, akanyamaza. Watu walicheka, naye akacheka kidogo. Kisha akakivua kile kipokezi, akakigeuza mkononi kwa muda, akamwuliza katibu:

"Yule mwalimu aliyekuwa akisoma masomo, anakaa mtaa gani siku hizi?"